Hoto ya Mama Kenta

Spånga, Jumamosi 27 Septemba

Mama Kenta amefika. Tumempokea uwanja wa ndege wa Arlanda mimi na Kenta. Binti yangu Anitha tumbo limeshakuwa zito, tukamwacha kwao Tumba apumzike. Sijui kwa nini nilitegemea mwanamke mkubwa, labda kwa sababu mwanawe ni mrefu. Ametoka mtu mdogo kama msichana wa darasa la saba, nywele nyeupe zimekatwa juu ya shingo, anasukuma sanduku lililomzidi. Akainama. Nami nikainama. Akainama tena. Nikaona tukiendelea hivi tutakesha uwanjani, nikamkumbatia. Akakakamaa kama ubao.

Atakaa kwangu mpaka karibu na Krismasi, maana kule kwa watoto chumba ni kimoja. Nimempa chumba alichokuwa akilala Anitha kabla ya kuolewa. Jina lake ni Fumie, lakini siwezi kumwita mkwe mwenzangu jina kavukavu namna hiyo, nikamwita Mama Kenta. Kenta akamweleza maana yake. Akacheka amefunika mdomo, akajinyooshea kidole puani, akarudia: "Mama Kenta."

Kiswidi hajui, Kiingereza chake ni cha asante na samahani. Ana simu inayotafsiri. Akiiambia neno kwa Kijapani, inanisemesha Kiswidi kwa sauti ya mwanamume mwenye adabu nyingi.

Jumatatu 29 Septemba

Nusu ya sanduku lake ni chakula. Ametoa vidagaa vikavu, uyoga mkavu, na ndoo ndogo ya miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa kwa chumvi. Rangi ni ya udongo. Harufu imeingia kwenye mapazia.

Jumatano 1 Oktoba

Mvua. Hatukutoka.

Ijumaa 3 Oktoba

Leo amepika. Nilikaa kwenye kiti changu karibu na dirisha nikimtazama kama mkaguzi. Unga wa ngano na maji basi, chumvi hakutia. Akakanda kwa uzito wake wote, na mtu mwenyewe hana uzito, visigino vinainuka sakafuni kila akisukuma. Kifimbo changu cha chapati alikiona kifupi, akakitumia hivyohivyo. Akasukuma duara kubwa, akalikunja kama khanga, akakata vipande virefu vyenye upana wa kidole. Nilingoja avichemshe kando, avichuje, kama tunavyopika tambi. Hakufanya hivyo. Alivitia vibichi kwenye sufuria la mboga, na unga wake wote, supu ikaanza kuwa nzito. Boga lilikuwa limeshalainika, likayeyuka mle ndani, kila kitu kikawa cha njano. Mwisho akakorogea miso.

Kenta alikuja akitoka kazini. Alivua viatu, akasimama mlangoni ananusa. Halafu akaja akala bakuli tatu.

"Hizi tambi zenu zinaitwaje?" nikamuuliza. Naye Kiswidi chake kimenyooka siku hizi, tunaelewana vizuri.

"Siyo tambi, Mama. Ni hoto."

Hizo o zote mbili wanazivuta. Nikamwambia kitu cha ngano kirefu cha kufyonza ni tambi, kiitwe jina lolote. Akamtafsiria mama yake, naye akatikisa mkono mbele ya uso kama anayefukuza nzi.

"Anasema siyo. Ukimwambia mtu wa Yamanashi kwamba hoto ni tambi, atakuacha uongee peke yako."

Akanieleza kwamba kwao ni milimani, mabonde membamba, mpunga haukubali kila mahali. Watu walilima ngano na kufuga viwavi wa hariri, na jioni ya baridi nyumba nzima ilizunguka sufuria moja. Zamani msichana asiyejua kusukuma hoto, watu walisema haolewi. Kila mama ana yake. Huyu anatia uyoga mwingi, yule anatia nyama, na kila mmoja anamsikitikia mwenzake.

"Ya leo ina kasoro moja tu," Kenta akasema. "Tunaweka magimbi. Mama ameweka viazi. Huku magimbi yanapatikana?"

Nilisema sijui.

Dukani kwa Colombe kule Rinkeby magimbi yamejaa mpaka mlangoni. Nilinunua mwezi uliopita. Sijui kwa nini nilijibu vile.

Jumapili 5 Oktoba

Baada ya misa nilipitia kwa Colombe kuchukua ndizi za mtori. Nimehifadhi na nyama. Anitha akijifungua atakula mtori wangu kama nilivyokula wa mama yangu Kibosho, ndizi na nyama vilivyopondwa mpaka vikawa laini, siagi juu. Kwetu mzazi haamki kitandani bila mtori.

Colombe, ambaye ni Mkongo na ana maneno yake, akaniuliza: "Na belle-mère, ule mama mukwe wa Japon, anaendeleaje?"

"Anapika," nikamwambia.

"Anapika muzuri?"

Nikasema anapika vyakula vya kwao.

Jumapili 12 Oktoba

Mtoto amezaliwa leo alfajiri. Msichana. Mimi na Mama Kenta tulikaa kwenye korido ya hospitali tumeshikana mikono, sijui nani alianza. Kenta alipotoka akiwa analia, yule mama alisimama akaniinamia mimi kwanza kabla ya kwenda kwa mwanawe. Wamempa jina la marehemu mama yangu, Kamila. Mama Kenta herufi ya l hana, anasema Kamira.

Marehemu mume wangu Ludovick angekuwepo angeshapiga simu Kibosho, Moshi na Dar yote.

Jumatano 15 Oktoba

Anitha na mtoto wako kwangu. Kenta amepewa siku zake za kukaa nyumbani, naye yupo, analala sebuleni. Tuko watano, jiko ni moja.

Nimepika mtori tangu asubuhi. Mama Kenta naye amepika hoto yake. Tukajikuta tumesimama mbele ya kitanda cha mzazi, kila mmoja na bakuli lake, kama wachuuzi wa stendi. Anitha akatutazama. Akachukua la mkwe wake.

"Mtori nitakula baadaye, Mama," akasema. "Sasa hivi mzito."

Baadaye alikula vijiko vichache.

Ijumaa 17 Oktoba

Maziwa ya Anitha yamekuja vizuri. Kenta anasema ni hoto.

Jumatatu 20 Oktoba

Mtori wangu nimekula mwenyewe.

Alhamisi 23 Oktoba

Mama Kenta anaamka kabla yangu. Nikiingia jikoni nakuta kikaango changu amekining'iniza pengine, kisu changu ameshakinoa, visahani amevipanga kwa ukubwa. Hakuna ninachoweza kumlaumu. Angevunja kitu ningepumua.

Kila jioni ananijazia boga kwenye bakuli langu, vipande vikubwavikubwa. Lake lina supu na unga tu. Nadhani hapendi boga, kwa hiyo ananitupia mimi.

Jumapili 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma usiku. Sasa giza linaingia tukiwa bado hatujawaza chakula cha jioni.

Mama Kenta alinionyesha picha ya Fuji, ameipiga akiwa kwenye uwanja wa nyumba yake. Nikatafuta Kibo kwenye simu yangu nikamwonyesha. Tukatazama milima yetu. Kisha nikaiuliza simu urefu, nikamwonyesha na hizo tarakimu, kwamba wetu ni mrefu zaidi kwa mbali. Akainama kwa heshima, kana kwamba nimemshinda kwenye jambo la maana.

Ijumaa 31 Oktoba

Nimeosha masufuria yote leo. Jiko limetakata.

Jumapili 2 Novemba

Jana sikuandika. Itabidi niandike yote leo, niko peke yangu, hakuna wa kuniita.

Alhamisi Mama Kenta alipika hoto nyingi, sufuria lile kubwa. Iliyobaki aliifunika akaiweka balkoni kwenye baridi. Aliiambia simu, na simu ikaniambia mimi na Anitha: "Tafadhali iacheni. Siku ya pili ni tamu zaidi." Nilisikia. Ijumaa mchana Anitha alikuwa amelala, Kenta ametoka na mamake kutembeza mtoto. Nilifungua lile sufuria. Ilikuwa imeganda, nzito, njano, unga umevimba. Nikajiambia hiki kimeharibika. Nikakimwaga chote kwenye mfuko wa taka za chakula, nikaupeleka chini mwenyewe, nikapanda nikaosha sufuria mpaka likang'aa.

Mama Kenta aliporudi alifungua balkoni, akaona pale palipokuwa na sufuria. Akafunga mlango taratibu. Akaingia jikoni, akatoa unga, akaanza upya. Hakuniuliza.

Jana ilikuwa Watakatifu Wote, ndiyo siku ambayo huku watu huwakumbuka marehemu. Niliwasha mshumaa kwenye kaburi la Ludovick. Mama Kenta aliomba tuende wote, nikamwambia kwa ishara kwamba kuna baridi, abaki. Nilirudi giza limeshaingia. Walikuwa mezani wananisubiri, na hoto tena, na bakuli langu limejaa boga.

Anitha akaniuliza: "Mama, ile hoto ya juzi iko wapi?" Huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, ndivyo tulivyoishi tangu ana miaka minne.

"Nilimwaga. Ilikuwa imeharibika."

"Haikuwa imeharibika. Kwao wanaingojea kwa hamu siku ya pili. Alikuambia. Nilikuwepo."

Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba nimechoka kuwa mgeni kwenye jiko langu mwenyewe. Kwamba nimemlea peke yangu tangu babake afariki, na leo anaona kinyaa mtori wa bibi yake.

"Sielewi unataka nini, Mama," akasema.

Alielewa. Lakini alisema haelewi, na mimi hasira zikanipanda, nikahamia Kiswidi. Nikasema taratibu, neno moja moja, ili aelewe. Nikasema nyumba yangu inanuka maharage yaliyochacha. Nikasema huyu mwanamke kilichomleta kimeisha, mtoto kazaliwa, sasa anangoja nini? Nikasema arudi kwake nibaki na mwanangu na mjukuu wangu kwa amani.

Simu ya Mama Kenta ilikuwa mezani katikati ya mabakuli. Alikuwa ameiuliza neno fulani kabla sijafika, akaiacha wazi. Nilipomaliza, ile sauti ya mwanamume mwenye adabu ikaanza kusema Kijapani. Ilisema bila haraka. Haikupandisha sauti mahali nilipopandisha, wala haikuruka kitu. Ilichukua muda mrefu. Kenta alikuwa ameshika kijiko, Anitha ameshika mtoto, mimi mikono yangu ilikuwa mitupu, na hakuna aliyeizima.

Mama Kenta alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha kidogo upande wa simu, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Akaweka vijiti vyake vya kulia chini, akavisawazisha. Akaniinamia. Alisema maneno machache.

"Amesema nini?" nikamuuliza Kenta.

Kenta hakunitafsiria.

Yule mama akasimama akaosha vyombo. Na bakuli langu pia aliliosha, lenye boga ambalo sikuwa nimeligusa. Alilifuta kwa kitambaa akalirudisha mahali pake.

Leo asubuhi sanduku lilikuwa mlangoni. Niliwaambia, jamani, hata chai? Kenta akasema treni iko karibu. Anitha alikuwa anamvisha mtoto makoti. Nikamwambia, "Wewe unakwenda wapi? Hujatimiza hata mwezi, utatokaje kwenye upepo huu?"

"Nakwenda kwangu, Mama," akasema. Safari hii alisema kwa Kiswahili.

Niliwatazama kutoka dirishani wakishuka kuelekea stesheni. Mama Kenta ndiye aliyekuwa upande wa upepo, amemkinga mtoto kwa mwavuli.

Jumanne 4 Novemba

Nimepiga simu Tumba. Anitha hakupokea. Ameandika tu kwamba mtoto hajambo.

Alhamisi 6 Novemba

Kenta ameandika kwamba mama yake amebadilisha safari, anaondoka Jumapili. Hakusema saa. Nimesoma ujumbe huo mara nyingi kutafuta kama kuna mahali ananialika.

Ijumaa 7 Novemba

Nilikwenda kwa Colombe. Nikachagua magimbi mazuri, madogomadogo, na dagaa. Colombe akaniuliza vipi leo Mchaga anakula magimbi badala ya ndizi. Nikamsimulia yote, hata la kumwaga. Tulikuwa tumesimama kati ya magunia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mama Anitha, weye uko na wivu. C'est tout, ni hiyo tu. Wivu haiko malaria, unaweza simama nayo ukatembea. Panda treni, uende umuambie pardon."

"Nitakwenda kesho."

"Kesho ni mbali," akasema, akaniongezea magimbi mawili bure.

Jumamosi 8 Novemba

Mvua ya mawe asubuhi. Treni zimechelewa. Nilivaa, nikavua, nikavaa tena. Nikasema nitampigia kwanza Anitha, halafu nikaona nikimpigia atanikataza. Mchana nikasema wako kwenye kupanga mizigo, nitawasumbua. Sikwenda.

Jumapili 9 Novemba

Misa nimeikosa. Nilipanda treni ya mapema, nikabadilisha mjini, nikafika Tumba na mfuko wangu wa magimbi. Kenta ndiye aliyefungua, bado ana koti.

"Ameshaondoka, Mama," akasema. "Ndiyo narudi kutoka Arlanda."

Alinikaribisha. Nyuma ya pazia Anitha na mtoto walikuwa wamelala. Tulikaa kwenye viti viwili vya jikoni, tukasema kwa sauti ya chini.

"Naomba nikuambie jambo moja," Kenta akasema. "Nikishasema sitalirudia. Mimi ni mtoto wa pekee. Baba alipokufa, kila mtu kwetu alijua nitarudi kumwangalia Mama. Hata mimi nilijua. Anitha nilikuwa sijamwambia vizuri, nilikuwa naogopa. Safari hii Mama alikuja kuniambia nisirudi."

"Nisirudi?" nikarudia kama mjinga.

"Nibaki huku. Alisema mke wangu ana mama huku, mtoto atakulia kwenye nyumba yenye watu. Yeye ana majirani, ana bustani yake, atamudu. Lakini hakutaka kunitamkia kwenye simu. Alitaka kwanza aje aone ananiacha kwa nani."

Nilitazama mikono yangu.

"Na sasa amesemaje?"

"Hakusema kitu. Wala nibaki wala nirudi. Uwanja wa ndege amesema tu nile vizuri." Akavua koti. "Alisema una mikono mizuri ya kushika mtoto. Hilo alilisema tangu hospitali, na jana alilisema tena."

Nikamuuliza yale maneno ya mezani, aliyosema alipoinama. Alifikiri kidogo kama anipe au asinipe.

"Alisema samahani kwa kukaa muda mrefu."

Nilipokuwa navaa viatu akaniuliza kama nilijua habari ya boga. Nikasema najua kwamba mama yake halipendi.

"Analipenda sana," Kenta akasema. "Kwetu boga lilikuwa la baba. Vipande vizuri vyote aliwekewa baba. Tangu afariki sijamwona Mama akimwekea mtu mwingine, hata mimi."

Mfuko nikauacha pale mlangoni.

Jumatano 12 Novemba

Nimejaribu kumwandikia Mama Kenta. Nimeandika samahani, nikafuta. Nikaandika tena kirefu. Nikawaza itakayomsomea ni ile sauti ya simu. Nikafuta.

Jumapili 16 Novemba

Theluji ya kwanza. Anitha amekuja na mtoto, akakaa saa moja. Ilikuwa saa nzuri. Hakutaja lililopita nami sikulitaja. Kamila ananitazama kwa makini, kama ananilinganisha na mtu.

Nikamwambia Anitha, nataka kumpigia mamake Kenta nimwombe radhi. Akasema, "Ngoja kidogo, Mama. Kenta atapanga. Acha apumzike." Kwa hiyo nimengoja.

Jumamosi 22 Novemba

Bado nangoja. Jua limetoka kidogo, likazama.

Jumamosi 29 Novemba

Anitha amepiga simu mapema. Mama Kenta amepata kiharusi. Jirani yake aliona madirisha hayajafunguliwa, siku ikaenda, ya pili ikaja hayajafunguliwa, akamwita mtu wa kuvunja mlango. Alikuwa jikoni sakafuni. Yu hai. Upande wa kulia umekufa, na maneno hayatoki vizuri.

Nimempigia Colombe, nimelia kwenye simu.

"Siyo weye ulimuangusha," akasema.

"Najua."

Najua kwa kweli. Nimehudumia wazee wenye kiharusi miaka yangu yote ya kazi, nimewalisha, nimewageuza, nimewafundisha kushika kikombe tena. Maneno hayapasui mshipa. Lakini tarehe aliyokuwa arudi kwao ilikuwa bado haijafika. Angekuwa chumba cha pili, pale ambapo kitanda chake nilikuwa nimekitandika. Ningesikia kishindo. Ningejua cha kufanya, na saa hiyohiyo ningekuwa nimeita gari la wagonjwa. Hayo ndiyo mambo pekee ninayoyajua vizuri duniani, na yangemfaa.

Jumatatu 1 Desemba

Kenta ameondoka. Nimekwenda Tumba kukaa na Anitha. Nimepika alichotaka. Alitaka wali mweupe.

Jumamosi 6 Desemba

Kenta anapiga kila asubuhi. Mama yake amepelekwa kwenye hospitali ya mazoezi. Anaanza kukaa. Mkono wa kulia hauna kitu.

Jumamosi 13 Desemba

Siku ya Lucia, watoto wamepita na mishumaa na mavazi meupe chini ya madirisha. Kamila alikuwa begani kwangu anayakodolea macho yale mataa. Anitha akazima jiko, akakaa.

"Mama, tunahamia," akasema. "Mimi na Kamila tunamfuata Kenta baada ya mwaka mpya. Amepata kazi Kofu, karibu na nyumba yao."

Nikauliza kwa muda gani.

"Hatujui. Miaka. Mama yake hawezi kukaa peke yake tena."

"Hakuna ndugu? Hakuna nyumba za wazee huko? Japani nzima?"

"Mama, snälla, nakuomba," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ingekuwa heri. "Hakuna mtu mwingine. Ni sisi."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nina yeye tu. Nilifungua mdomo. Halafu nikaona kwamba kuna mtu alikuwa na mwana mmoja tu, akapanda ndege akaja kumtoa zawadi, na alikaa kwenye meza yangu mwezi mzima akitafuta nafasi ya kulisema hilo. Nikafunga mdomo. Nikasema nitawasaidia kupanga mizigo.

Anitha akaanza kulia. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

Jumapili 21 Desemba

Siku fupi kuliko zote. Nimemfundisha Anitha namna ya kumgeuza mgonjwa wa kiharusi bila kuumiza mgongo wake mwenyewe, namna ya kumvisha kuanzia upande uliokufa, namna ya kumlisha ili asipaliwe. Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa, nimelala kwenye kapeti. Alinivisha sweta mara nne mpaka akaweza. Tulicheka sana mara ya kwanza, mara ya mwisho hatukucheka.

Alhamisi 25 Desemba

Krismasi. Mtori. Anitha amekula wote.

Jumanne 6 Januari

Arlanda. Nilijiahidi sitalia mbele ya mtoto, nikaweza. Nimembeba mpaka pale wasiosafiri wanapoishia. Anitha akanikumbatia kwa mkono mmoja, akasema, "Utakuja, Mama." Nikasema nitakuja. Nilivyorudi Spånga nilikuta soksi moja ya Kamila chini ya kochi.

Jumamosi 10 Januari

Baridi kali. Sijatoka.

Jumapili 18 Januari

Leo tumeonana kwa simu, wote. Kwao ilikuwa jioni. Kenta alikuwa ameshika simu, akazungusha nione nyumba: mbao, milango ya kuteleza, sufuria kubwa jikoni linatoa mvuke. Anitha alikuwa anapika, unga mpaka kwenye nywele. Kenta akasema anasukuma nene mno lakini Mama anamwelekeza kwa mkono wa kushoto, akikosea anagonga meza.

Kisha akamsogelea mama yake. Amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi, uso umeteremka upande mmoja. Kamila alikuwa amelala kifuani pake, ameshikiliwa kwa kitambaa. Nilipomwona tu nilisahau yote niliyokuwa nimepanga.

Nikamwambia Kenta, "Mwambie namwomba radhi. Mwambie kwa yale niliyosema, na kwa hoto niliyomwaga nikijua. Sema hivyo, nikijua. Usilainishe."

Kenta akamtafsiria. Nadhani hakulainisha, maana alisimama katikati kabla ya kumalizia. Mama Kenta alinitazama muda mrefu kwa lile jicho linalofunguka vizuri. Akasema kitu, maneno yakiburuzika, Kenta akainamisha sikio, akamwomba arudie.

"Anasema hakumbuki," Kenta akaniambia.

"Hakumbuki nini?"

"Kwamba ulisema kitu. Anasema anakumbuka amekaa kwako, na kuna mlima mrefu."

Nikamuuliza kama ni ugonjwa umemfuta, au ananisitiri.

"Mama," Kenta akasema, "hata mimi sijui."

Anitha akaita kutoka jikoni kwamba chakula tayari. Hakuna aliyeondoka. Mtoto akajinyoosha, akafungua macho, akatafuta, akakutana na uso wa yule bibi yake ulioteremka, akautabasamia. Mama Kenta akanisemesha tena, safari hii neno moja, nami nililielewa bila kutafsiriwa kwa sababu ni jina la mama yangu, alilisema kwa ile r yake. Alikuwa anamgeuza mtoto kwa mkono wake mmoja, polepole, ili nami nimwone.

Nilimtazama. Kenta alishikilia simu mpaka mkono wake ukachoka, ndipo nikawaambia waende wakale.